Bilali Si Ngao Yetu

Maneno haya yalisemwa Tanga, siku ya pili ya Iddi, kwenye mkusanyiko wa familia baada ya swala ya Alasiri. Yameandikwa hapa kwa ajili ya waliokuwa safarini, wagonjwa, na kina mama waliobaki nyumbani na wageni.

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu mliokaa mbele, kina mama mlio upande wa pili wa pazia, na nyinyi vijana mliojibanza karibu na mlango ili mkichoka mpenye: Iddi mubarak. Mwenyezi Mungu azitakabali swaumu zetu.

Nimepewa mada ya udugu katika Uislamu. Hotuba yake kila mmoja wenu anaijua kwa moyo. Utaanza na aya ya Suratul Hujurat, kwamba tumeumbwa kutokana na mwanamume na mwanamke, tukafanywa mataifa na makabila ili tujuane. Utamtaja Bilali, mtumwa aliyeachwa huru akawa mwadhini wa Mtume. Utasema msikitini tajiri na maskini wanasimama safu moja, bega kwa bega. Watu wataleta takbiri, kisha tutakwenda kunywa kahawa na halua. Ni hotuba nzuri, na kila neno lake ni kweli. Leo naomba mniruhusu nitoe nyingine.

Nawauliza: Uislamu una ubaguzi?

Mmejibu haraka, hauna. Mmesema kweli. Sasa nauliza la pili: na sisi je?

Naona mmenyamaza. Kunyamaza kwenu ndiyo mada yangu.

Ndugu zangu, Bilali tumemfanya ngao. Kila anapotokea mtu akalalamika kwamba amebaguliwa kwa rangi yake, kwa kabila lake, kwa bibi yake, tunamtoa Bilali. "Unawezaje kusema hivyo? Wewe hujui kwamba Bilali alikuwa Mhabeshi? Hujui kwamba siku ya kufunguliwa Makka yeye ndiye aliyepanda juu ya Kaaba akaadhini?" Mlalamikaji anafunga mdomo, maana nani atashindana na Bilali? Na sisi tunarudi nyumbani salama, mlango tunaufunga kama ulivyokuwa.

Safu ya swala haitugharimu kitu. Dakika kumi, salamu kulia, salamu kushoto, kila mtu akachukue viatu vyake. Mtu anajulikana siku ya barua ya posa.

Mimi nimekaa kwenye vikao vya posa miaka mingi, upande wa mwanamume na upande wa mwanamke. Nitawaeleza ninachokiona, na wazee wenzangu mnisahihishe. Kijana anakuja. Anaswali swala tano. Ana kazi, hana deni la mtu, havuti, na mama yake anamtaja kwa dua. Barua inafika na kilemba chake. Baba anawaita ndugu zake, wanakaa, uji wa pilipili manga unaletwa. Swali la kwanza linakuwa nini? "Anaswali?" Hata kidogo. Swali la kwanza ni, "Kwao ni kina nani?"

Na majibu tunayorudisha mnayajua. "Binti bado anasoma." Baada ya miezi mitatu binti huyo huyo anaolewa na mtoto wa baba mdogo, na shule hatuisikii tena. "Tabia hazitaingiliana." Tabia gani, na nyinyi hamjawahi kula naye sahani moja? "Si kufu yetu," yaani si wa hadhi yetu. Na lile kubwa kuliko yote: "Sisi wenyewe hatuna neno, ila watu watasema nini?" Watu hao wanaosema, mimi sijawahi kukutana nao. Kila nyumba ninayoingia wananiambia wako nyumba ya pili.

Wa kweli huwa ni bibi mmoja mzee, yuko kitandani chumba cha ndani, ukimsalimia anakwambia waziwazi: "Mwanangu, bibi yake yule kijana alikuwa mjakazi wa nyumba hii." Huyo angalau hakujificha nyuma ya masomo ya binti.

Kuna posa moja imenikaa kooni. Kijana alikuwa mwalimu wa madrasa. Watoto wa nyumba ile, wakubwa kwa wadogo, walihitimu juzuu kwake. Kosa wakikosea alikuwa akiwarekebisha herufi moja moja, mpaka dhadi ikatoka mahali pake. Akaleta posa kwa binti mkubwa. Akakataliwa, na sababu ilikuwa asili ya mama yake. Jumatatu iliyofuata baba yule yule akawapeleka watoto wadogo madrasa kwa mwalimu yule yule. Nilimuuliza, "Bwana, maneno ya Mungu yanafaa kutoka kinywani mwake yaingie masikioni mwa watoto wako, jina lake halifai kuingia kwenye ukoo wako?" Akaniambia, "Sheikh, hayo ni mambo mawili." Kijana alihama mji. Madrasa ikakaa muda mrefu bila mwalimu wa kumfikia.

Asili ya mama yake. Hapo nataka tusimame kidogo.

Iko hadithi katika Bukhari, kitabu cha hadithi za Mtume. Mtu mmoja anaitwa Al-Ma'rur alimkuta sahaba mkubwa, Abu Dharr, mahali panapoitwa Rabadha. Abu Dharr amevaa vazi, na mtumishi wake amevaa vazi kama hilo hilo. Akamuuliza, mbona hivi? Abu Dharr akamsimulia: nilitukanana na mtu, nikamwaibisha kwa mama yake. Mtume, rehema na amani zimshukie, akaniambia: "Umemwaibisha kwa mama yake? Wewe ni mtu ambaye ndani yako mna ujahilia," yaani tabia za kabla ya Uislamu. Kisha akamwambia kwamba wale walio chini ya mikono yenu ni ndugu zenu, mwenye ndugu chini ya mkono wake amlishe anachokula yeye na amvishe anachovaa yeye, wala msiwabebeshe wasichokiweza.

Mapokezi mengine yanasema aliyetukanwa ni Bilali, na tusi lilikuwa "mtoto wa mwanamke mweusi". Riwaya ya Bukhari haimtaji jina, nami siiongezei. Ila tazameni nani anaambiwa ana ujahilia. Ni Abu Dharr! Wa mwanzo mwanzo katika Uislamu, mtu wa zuhudi, aliyepigwa Makka kwa kuitangaza shahada. Kama yeye ulimbakia, mimi na wewe wa hapa Ngamiani, Tanga, tutasema sisi tumetakata? Tena tazameni alichofanya baadaye. Hakutafuta aya ya kujitetea, na hakusema "mimi rafiki zangu wengi ni watu weusi". Alibadilisha nguo za mtu wa nyumbani kwake, na kila mpita njia Rabadha akaziona, akauliza.

Tukisema "mama yake mjakazi", tunazungumza habari ya lini? Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Utumwa wenyewe Unguja na Pemba ulifutwa kisheria mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907. Na hapa kwetu? Wajerumani hawakuufuta, walitangaza tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 ni huru. Tanganyika ilisubiri mpaka mwaka 1922. Mzee wa miaka themanini aliyekaa hapa mbele, bibi yake aliyaona haya kwa macho yake. Kwa hiyo simshangai anayekumbuka. Nchi hii mtumwa hakuwa anaruhusiwa kufunika kichwa mbele ya bwana wala kuvaa viatu, na wanawake walipopata uhuru wao, jambo la mwanzo wengi walilofanya ni kutupa kaniki, nguo yao ya utumwani, kununua kanga, baadaye buibui. Kumbukumbu iko mpaka kwenye nguo. Kukumbuka hakuna kosa. Kosa ni kwamba aliyeuzwa ndiye anayeona haya, na aliyenunua ndiye anayejivuna. Nani kati ya hao wawili alitakiwa kuinamisha uso?

Halafu tunajivunia nini hasa? Sayyid Barghash, mfalme wa Unguja, aliyejenga jumba la Beit al-Ajaib, mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi, yaani mjakazi aliyezaa na bwana wake. Ndugu yake Sayyid Majid, aliyetawala kabla yake, mama yake naye alikuwa suria, Mcherkesi. Hiyo ndiyo nyumba ya kifalme. Sheria yetu inasema mtoto wa suria ni huru na nasaba yake ni ya baba yake, kwa hiyo hakuna aliyemnyima Barghash kiti. Sasa kama mfalme wa Unguja angeshuka leo bandarini na barua yake ya posa, jamaa wakaanza "kwa mama yake ni kina nani?", asingevuka sebule zetu! Naona kina mama mnacheka. Chekeni, lakini kila mmoja akihesabu kwenye ukoo wake vizazi vinne nyuma, upande wa kike, atafika mahali jina linakosekana. Majina yaliyokosekana mnajua ni ya nani.

Hapo Bagamoyo, mtoto mmoja aliletwa kutoka Manyema, mashariki ya Kongo, akiwa mtumwa. Akaingia nyumba ya Kiarabu, akaachwa huru, akasoma, akaendelea kusoma. Ndiye Sheikh Yahya bin Abdallah, tunayemjua kwa jina la Sheikh Ramiya, aliyekuja kuwa khalifa wa tarika ya Qadiriya na mwanachuoni aliyeheshimiwa pwani yote mpaka alipofariki mwaka 1931. Wangapi kati yetu wamewahi kwenda maulidi ya Ramiya? Mikono naiona, mingi. Shusheni. Sheikh Ramiya akiwa kijana wa miaka ishirini na tano, akileta posa kwako mwezi huu, utampa?

Na Lamu kulikuwa na Habib Saleh. Yeye ni sharifu, mtu wa kizazi cha Mtume, wa ukoo wa Jamalilail, alitoka Ngazija akahamia Lamu katika karne ya 19. Kwa nasaba yake angeweza kukaa Mkomani kwenye majumba ya mawe, akabusiwa mkono mpaka kufa kwake. Akaenda upande wa Langoni, mwisho wa mji, akawafundisha watumwa, waliokuwa watumwa, na Wahadhrami maskini, Waarabu wa Hadhramaut huko Yemen, waliokuja kuchota maji na kubeba mizigo. Waungwana walikasirika. Kwao elimu ilikuwa mali ya nyumba, inarithiwa kama mlango wa kuchonga. Wakachukia darsa, wakachukia matari kwenye maulidi. Leo Riyadha, msikiti na chuo chake, iko, na maulidi ya Lamu kila mwaka yanavuta watu kutoka pwani nzima na Ngazija. Nasema haya kwa sababu nasikia vijana wengine wakisema masharifu wote ni wabaguzi. Mlango ule ulifunguliwa na sharifu.

Sasa kuna ndugu zangu waliosoma, naona wanakohoa. Wanataka kusema, "Sheikh, lakini kufu imo kwenye fiqhi, sheria ya dini." Imo. Sitawaficha. Vitabu vya madhehebu yetu ya Shafii vinataja nasaba miongoni mwa mambo ya kufu, na uhuru, na kazi ya mtu. Imam Malik yeye alitazama dini. Lakini hao hao Mashafii wanasema kufu ni haki ya binti na walii wake, yaani msimamizi wake wa ndoa, na wenye haki wakiridhia, ndoa ni sahihi. Haki ya kuacha! Sisi tumeifanya nguzo ya sita. Na vitabu hivyo hivyo vinaleta kisa cha Fatima binti Qays. Mkureshi huyu, wa kabila la Mtume, mwenye ukoo. Alipoachwa alichumbiwa na Muawiya na Abu Jahm. Mtume akamwambia: olewa na Usama. Usama ni mtoto wa Zayd, mtumwa aliyeachwa huru. Fatima mwenyewe anasema katika Sahihi Muslim: nilichukia. Mtume akarudia: olewa na Usama. Akaolewa naye, na anasema Mwenyezi Mungu akajaalia heri humo mpaka wenzake wakamwonea kijicho. Nampenda bibi huyu kwa sababu hakuficha kwamba mwanzo alichukia.

Wale wenye jamaa zao Hadhramaut wanajua kwamba ugomvi huu ulivuka bahari. Mwaka 1905 Singapore, sharifa aliolewa na Mwislamu wa Kihindi. Sayyid mmoja wa huko, yaani sharifu, akatoa fatwa kwamba ndoa haifai. Swali likapelekwa Misri kwa mwanachuoni Rashid Rida, akajibu katika jarida lake kwamba ni sahihi. Mabishano yakaendelea miaka. Kisha mwaka 1911 Wahadhrami wa Batavia, mji ambao leo ni Jakarta, wakamwalika mwalimu kutoka Makka aongoze shule yao: Ahmad Surkati, Msudani. Walimheshimu sana. Alikuwa mwalimu hodari. Mwaka 1913 akaulizwa, kwenye kikao, kama sharifa anaweza kuolewa na asiye sharifu. Akajibu: inafaa. Heshima ikaisha siku hiyo. Akaacha shule, na mwaka 1914 yeye na waliomuunga mkono wakafungua shule yao, wakaiita Al-Irshad, na ipo mpaka leo. Hamwoni ni kisa cha yule mwalimu wetu wa madrasa? Afundishe, tumbusu mkono. Akigusa habari ya ndoa, amevuka mpaka.

Nataka pia niseme na upande mwingine, kwa sababu nikiishia hapa wengine mtaondoka mnapiga makofi na hamtakiwi. Ubaguzi hauna rangi moja. Mtoto wa Kiarabu aliyezaliwa hapa, baba yake kazaliwa hapa, bado tunamwita Mmanga na kumwambia arudi kwao. Kwao wapi, na hajawahi kupanda ndege? Na tusidhani nguvu ni dawa. Unguja mwaka 1970 wasichana wa asili ya Kiajemi waliozwa kwa lazima kwa wakubwa wa serikali, na wakubwa wakasema wanavunja ubaguzi. Hawakuvunja kitu. Bila ridhaa ya binti hakuna ndoa, awe Mwajemi, Mzigua au Mdigo. Ninachoomba mimi ni kwamba binti mwenyewe aulizwe, na jibu lake lisitafsiriwe na shangazi.

Nipite haraka kwa mengine, wakati unakwenda. Aliyesilimu. Tunampokea kwa takbiri, tunampiga picha, tunampa kanzu na jina. Baada ya miaka kumi na tano bado ni "yule aliyesilimu". Amehifadhi zaidi ya nusu yetu, na hatumtangulizi kuswalisha hata imamu akiwa mgonjwa. Mtu wa bara ni hivyo hivyo, hata akijenga msikiti kwa pesa zake. Kipofu na mwenye ualbino nao, tukumbuke Suratu Abasa ilimshukia nani, kwa sababu ya nani: Mtume alikunja uso mbele ya kipofu aliyemjia, akakumbushwa na Mola wake.

Na dada wa kazi. Mwezi huu uliopita amekoroga uji tangu Adhuhuri, amekanda kaimati, ametandika jamvi. Adhana ikilia, sisi tunakaa sebuleni, yeye anafuturu jikoni amesimama. Kina mama, hadithi ya Abu Dharr niliyoisoma inahusu jikoni kwenu kabla haijahusu kitu kingine chochote. Na kina baba msicheke, pesa ya mshahara wake inayochelewa iko mfukoni mwenu. Mtume alimkosa mwanamke mweusi aliyekuwa akifagia msikiti, akauliza, akaambiwa amekufa na tumekwisha mzika. Hawakuona haja ya kumwambia. Akasema, nionyesheni kaburi lake, akaenda kumswalia huko. Hapa kwetu, anayefagia msikiti huu jina lake kamili nani analijua? Msimwangalie, mnamtia haya. Mtamuuliza baadaye.

Nimemaliza, yamebaki ya kutenda. Kamati yetu ina wajumbe tisa, na uchaguzi ni mwezi ujao. Majina yanayopendekezwa nimeyaona ubaoni, na yote yametoka nyumba nne. Karatasi bado ipo na kalamu imefungwa pale kwa uzi, kila mtu ana haki ya kuandika.

La pili ni la posa. Nimekubaliana na wazee wawili kwamba kila Jumamosi baada ya Magharibi tutakaa barazani. Mzazi aliyepokea barua na hajui amjibu nini kijana wa watu, aje nayo. Kijana aliyerudishiwa barua bila sababu, aje. Sababu itasemwa mbele yetu kwa jina lake, na kama ni dini au tabia, tutaisimamia pamoja na mzazi. Kama ni bibi yake kijana, itabidi isemwe hivyo hivyo, kwa sauti. Kina mama nanyi mje, maana barua nyingi zinafia chumbani kwenu kabla hazijamfikia baba. Kahawa itakuwepo, tende zimebaki nyingi za Ramadhani.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.